Mtoto Asiyeliliwa

Kila mgeni anayeingia kwangu hapa Randburg, Johannesburg, huvua viatu, hunisalimu, kisha huiona ile picha ya kwenye korido na kusahau alilotaka kusema. Imechorwa kwa rangi nzito juu ya gunia la unga lililofuliwa na kunyooshwa. Ni mwanamke mweusi mwenye nywele za kumfika kiunoni, kifua wazi, na kuanzia kitovuni kwenda chini ni samaki. Mkononi amevaa saa. Wenzangu wa darasa la Ijumaa wamekwisha kuniambia kwamba malaika hawaingii nyumba yenye picha, tena picha ya jini, tena jini asiyejisitiri. Nimemtundika upande wa chooni ili sebule ibaki ya malaika. Zaidi ya hapo sisogei, na anayekereka ajue mlango alioingilia ndio wa kutokea.

Mimi ni mtu wa Tanga, na nguva sikuanza kumsikia jana. Bibi yangu alituambia kwamba zamani wavuvi wakimnasa nguva walipelekwa kwanza kuapa kwa msahafu, mmoja mmoja, kwamba hawakumfanyia jambo la aibu njiani. Wakishaapa ndipo nyama iuzwe. Tulipomuuliza ni jambo gani la aibu mtu aweza kumfanyia samaki, alitufukuza tukateke maji. Kwa hiyo nilikua nikijua kwamba nguva ana matiti, ananyonyesha mwanawe kwa kumkumbatia, na wanaume hawaaminiki. Mambo hayo matatu sijapata sababu ya kuyabadilisha.

Lakini Tanga yenye bahari ilinipa nguva mmoja tu. Johannesburg, mji usio na bahari, usio na ziwa, ambao mto wake waweza kuuruka ukiwa umeshika mfuko wa sokoni, ndio ulionipa waliobaki. Binti yangu, aliyezaliwa hapa, alikuwa na begi la shule lenye nguva wa Kizungu, nywele za manjano na mkia wa rangi ya waridi. Mteja wangu mmoja, mama wa kutoka Karoo, nchi kavu ya mawe na kondoo, aliniapia kwamba kwao kuna mwanamke anayekaa kwenye kidimbwi cha mlimani akichana nywele, na ukimkaribia anakuvuta. Nilimuuliza kidimbwi chenyewe kina ukubwa gani. Akasema, kama chumba hiki.

Chumba hicho kilikuwa duka letu la Malvern, kando ya Mtaa wa Jules. Mimi niliuza vitambaa upande wa mbele, na upande wa nyuma alikaa fundi cherehani, Mkongo wa Lubumbashi, mtu mpole mwenye futi shingoni hata siku ya mapumziko. Nilimpenda kama kaka na niligombana naye hivyo hivyo. Picha ilikuwa yake. Alifika nayo kutoka kwao ikiwa imeviringishwa ndani ya suruali, akaitundika juu ya cherehani kabla hata hajatafuta mahali pa kulala.

"Mama, hii picha baba yangu njo aliichora," aliniambia siku ya kwanza nilipomkazia macho. "Huyu banamwitaka Mamba Muntu. Kwetu alikuwa mu kila salon, mu nyumba ya kila mutu. Ukiokota nywele yake, atakuja mu ndoto kuiomba. Ukimurudishia, atakupa mali. Lakini usiseme kwa mutu."

"Na saa ya mkononi ya nini? Majini kuna kuchelewa?"

"Baba alisema mwanamuke wa mali hawezi kukosa saa."

Baba yake alikufa angali anachora, na fundi hakuwa na kitu chake kingine.

Nyumba niliyopanga ilikuwa mitaa miwili kutoka dukani, na mwenye nyumba, tuliyeishi naye ua mmoja, alikuwa mama mzee wa Kizulu tuliyemwita Gogo, yaani bibi, kama mji mzima unavyowaita wanawake wa umri wake. Usimfikirie bibi wa hadithi. Gogo alivuta ugoro, alitukana watangazaji wa televisheni kwa majina, na aliwahi kumfukuza fundi bomba kwa fagio akamrudisha kwa simu jioni ile ile. Binti yangu akitoka shule alishinda kwake mpaka nifunge duka. Baba wa mtoto alikwisha kushika njia zake, na bila Gogo sijui ningemwacha wapi. Mtoto alijifunza Kizulu jikoni kwa Gogo, akiosha vyombo na kutazama michezo ya televisheni isiyomfaa. Kiswahili alikisikia, ila kukijibu ilikuwa tabu.

Jambo moja tu tulishindwa kuelewana na Gogo, nalo ni geti. Majirani wote walikuwa na kufuli, minyororo, nyaya za umeme juu ya ukuta. Geti la Gogo halikufungwa mchana wala usiku. Tena lililia, ukilisukuma lilikwaruza mpaka meno yanakufa ganzi. Nilinunua mafuta nikalipaka bawaba, akayafuta kwa tambara mbele ya macho yangu. Nilimwambia, Gogo, hii ni Johannesburg, tutaibiwa hadi sufuria. Akasema sufuria zangu hazikuwa za kumvutia mwizi. Nikanuna siku mbili, kisha nikahitaji chumvi.

Basi asubuhi moja ya baridi Gogo akaja dukani kupunguza pindo la sketi. Hakuwa amewahi kuingia mpaka nyuma. Akaiona picha juu ya cherehani, akasimama. Nikaogopa atatutukana, maana alikuwa mtu wa kanisa. Badala yake akavuta kigoda, akakaa, akauliza kwa sauti ndogo kama huyu ndiye.

"Ndiye nani?" nikasema.

Akatueleza kwa Kizulu na Kiingereza, polepole, ili fundi naye afuate. Alikuwa na mtoto mmoja katika maisha yake, wa kiume, wa miaka tisa. Kijijini kwao kuna mto. Siku moja mtoto alikwenda mtoni na hakurudi. Walipofuata, walikuta shati na kaptula juu ya jiwe, zimekunjwa vizuri, shati juu, kaptula chini.

"Mwanangu hakuwahi kukunja nguo," akasema Gogo. "Hata siku moja. Nguo zake niliokota sakafuni kila asubuhi. Nani alizikunja?"

Ndani ya maji hapakuonekana kitu. Wazee wakasema amechukuliwa na watu wa mtoni, wale wakaao chini ya maji wenye mifugo yao na nyumba zao. Wanamchukua wamtakaye, wanamfundisha dawa, na siku wakipenda wanamrudisha, amepakwa udongo mweupe usoni, mganga kamili. Gogo aliyasema haya kama mtu anayekueleza basi linapita saa ngapi. Kisha akaitazama picha, akasema kwamba huyu si mmoja wao, wa kwao hawavai saa, lakini huenda ni ndugu zao.

Nami nikalia. Sikudondosha chozi la heshima, nililia kama tunavyolia kwetu pwani. Nilishika kichwa, nikasema maskini mtoto wa watu, nikamwombea pepo, nikamkumbatia Gogo na kumwambia pole mama, pole kwa msiba. Tanga ukisikia habari kama hiyo na macho yako yakabaki makavu, watu watakuuliza umerogwa au umefurahi. Nililia kwa kwikwi, na kadiri nilivyotaka kuacha ndivyo yalivyozidi.

Gogo aliutoa mkono wangu begani kwake. Akasimama, akatoka, sketi akaiacha mezani. Fundi aliinua futi shingoni, akairudisha, akasema kwa upole, "Mama, weye umelia mbele ya mwenyewe."

Kweli, na aibu ilinipata, kwa sababu methali hiyo ni ya kwetu: kilio huanza mfiwa, ndipo wa mbali wakaingia. Lakini nilidhani nimekosa adabu tu. Nilidhani ni jambo la kuomba radhi na kupelekeana mandazi.

Siku iliyofuata Gogo hakumfungulia binti yangu mlango wa jikoni. Mtoto akaja dukani na begi lake la nguva, akakaa juu ya marobota, na ikawa hivyo kila siku. Nilipeleka mandazi, yakarudi na sahani yake. Nilisalimia uani, nikajibiwa na televisheni. Nilianza kuulizia vyumba mtaa wa Hillbrow, nikijisemea kwamba mji una bibi wengi. Ulikuwa uongo. Mimi nilikuwa na mmoja tu.

Aliyenifumbua macho ni mtoto. Ilikuwa wiki ya tatu, tunakula, nikawa nalalamika kwamba Gogo ana moyo wa jiwe, mtu amemsikitikia mwanawe naye amekasirika. Binti yangu akaacha kijiko.

"Mama, anayechukuliwa na watu wa mtoni haliliwi," akasema, nusu Kiswahili, nusu lugha zake nyingine. "Ukimlilia, wanasikia. Wanaona kwenu amekufa, basi hawamrudishi. Baba wa yule mtoto alilia mara moja, nyuma ya zizi. Gogo alimwacha hapo hapo, akaja Joburg kufanya kazi za ndani. Hajalia tangu wakati huo. Hata ndugu zake walipokufa hakulia, asije akachanganya."

"Nani kakwambia?"

"Gogo. Zamani. Ndiyo maana geti halifungwi." Akanitazama. Alikuwa na miaka tisa. "Wewe umemlilia kwa sauti, Mama. Wamesikia."

Maji yakimwagika hayazoleki, na machozi ni maji. Nilikaa na sahani yangu mbele. Mimi Muislamu, kufa kwa mtoto yule sikuwa na shaka nako, nilijua kwamba amezama na mto umempeleka. Lakini sikuwa nimeulizwa ninachojua. Mwanamke alikuwa amebana machozi maisha yake yote ili mlango mmoja ubaki wazi, na mimi nimeingia na kilio cha pwani nikaufunga kwa dakika tano, tena nikitegemea shukrani.

Jumamosi nikachukua ile sketi, pindo limekwisha kushonwa, nikavuka uani. Alikuwa amekaa barazani, uso kwenye geti. Niliiweka sketi magotini pake. Nilikuwa nimejitayarishia hotuba, yote ikanitoka. Nikajisikia nasema jambo ambalo sikulipanga.

"Gogo, yale machozi hayakuwa ya mwanao."

Hakugeuka.

"Yalikuwa ya mama yangu."

Nikamweleza. Mama yangu alifariki Tanga mwaka mmoja kabla. Simu ilinikuta dukani, mkasi mkononi, mteja amesimama anasubiri mita nne. Karatasi zangu za kuishi nchini zilikuwa bado zinashughulikiwa, na nikitoka sirudi, na mtoto yuko shule. Nilizikata zile mita nne. Matanga yakakaliwa bila mimi, hitima ikasomwa bila mimi. Sikulia, kwa kuwa kwetu mtu halii peke yake kama kichaa, na hapa sikuwa na wa kulia naye. Niliyaweka. Sasa siku ile Gogo aliposimulia, yalipata mlango yakatoka, na mimi mwenyewe sikujua ni ya nani.

Je, ilikuwa kweli? Nimejiuliza miaka yote. Nilipoanza kusema nilikuwa natafuta tu namna ya kumrudishia kitu chake. Nilipomaliza, mkono wangu ulikuwa umekunjwa kama bado umeshika ule mkasi.

Gogo alivuta ugoro wake bila haraka. "Mama yako alipenda nini?" akauliza.

"Kahawa chungu na maneno ya watu."

"Yule mtoto wa mtoni hukumlilia hata kidogo?"

"Hata tone."

Alifikiri. Nikaona kwamba anapima kama hakimu, na kwamba ninachosubiri si msamaha wake kwangu. Kuna mtoto alikuwa amesimama mahali akingoja hukumu hiyo. Hatimaye akaisogeza sketi, akapiga kiti cha pembeni yake kwa kiganja.

"Kama ni ya mama yako, kaa umalizie, mntanami," akasema. Ni neno lao la kumwita mtu mwanangu. "Machozi yaliyobaki nusu huoza."

Nikakaa, nikamlilia mama yangu mchana kweupe barazani Malvern, na watu wakipita na mifuko yao ya mkate. Gogo alikaa nami mpaka mwisho. Yeye hakulia. Alinishika mkono mmoja, na macho yake hayakuondoka kwenye geti. Jumatatu binti yangu alirudi jikoni kwake.

Miaka iliyofuata ndiyo ninayoikumbuka sana nikiwa huku juu Randburg, ghorofa ya sita, ambako majirani tunasalimiana ndani ya lifti tu. Fundi aliokoka, na kanisa lake likaanza kuuliza habari za ile picha.

"Banasema niichome, Mama," aliniambia, akiwa ameishika kwa mikono miwili. "Banasema ni shetani. Lakini hii ni mukono ya baba."

Mimi nilisema niichukue, kisha nikakumbuka malaika. Gogo akaisikia habari, akaja mwenyewe, akaibeba kwapani, akaitundika barazani kuelekea geti. Kila asubuhi aliifuta vumbi kwa kanga niliyompa na kuisemesha. Alimwambia yule mwanamke kwamba kama ana ndugu kule mtoni awape habari kwamba mtoto anangojwa, kwamba hajaliliwa, na kwamba hapendi maboga. Nilizoea kunywa chai yangu nikisikiliza orodha ya vyakula asivyovipenda mtoto ambaye kwa hesabu ya kawaida angekuwa mtu mzima mwenye mvi. Nilizoea mpaka na mimi nikaacha kulipaka geti mafuta. Nilikuwa na furaha siku zile na sikujua. Nilidhani ni umaskini tu.

Binti yangu alipopata kazi huku Randburg tukahama. Gogo alikuwa amezeeka, miguu imemvimba, na mpwa wake alikuwa amehamia kumtunza. Siku tunaondoka aliishusha picha kwa mikono yake akanipa.

"Mpwa wangu ni mtu wa kufuli," akasema. "Siku yangu ikifika, mimi nililieni mnavyotaka. Yule wa mtoni asililiwe. Wewe unajua kulia sana, kwa hiyo wewe ndiye ninayekuachia kazi hiyo."

Nilimuuliza nitafanyaje, machozi hayajui yanakwenda kwa nani.

"Si ulinifundisha mwenyewe? Yana mwenyewe. Mtaje."

Alifariki majira ya mvua. Mazishi yalikuwa Jumamosi asubuhi, hema, viti vya kukodi, masufuria makubwa uani kwake, wanawake wa kanisa na sare zao. Makaburini mchungaji alihubiri vizuri mpaka mwisho, kisha akasema jambo ambalo mchungaji yeyote angelisema. Alisema mama yetu leo amepumzika, amekwenda kuungana na mwanawe mpenzi aliyemtangulia, yule mtoto aliyezama mtoni.

Kilio kikalipuka. Wanawake walimlilia mtoto. Nilikaribia kuingia nao, maana mimi ni mtu wa pwani na kilio cha wengi hunibeba. Pembeni yangu binti yangu, mtu mzima mwenye kazi na viatu virefu, alikuwa analia, uso umelowa. Nikamshika kiwiko.

"Taja mwenyewe," nikamwambia.

Alielewa hapo hapo. Akainua uso, akasema kwa Kizulu, kwa sauti iliyowafanya watu wa mbele wageuke: "Haya ni ya Gogo. Ni ya Gogo peke yake."

Mpwa alitukata jicho. Mchungaji alifunga Biblia. Lakini upande wa pili wa kaburi walikuwako bibi wawili waliotoka kijijini kwao, kutoka kwenye ule mto. Mmoja alifuta uso wake kwa ncha ya shali, akasema naye, polepole, ni ya Gogo. Mwenzake akarudia. Wakaendelea kulia, wamekwisha kusema ni ya nani.

Mimi sikulia. Watu walisema yule mama wa vitambaa, amelelewa mtoto wake bure miaka yote ile, na chozi halikumtoka. Waseme. Nilikuwa najijua. Nikianza, yangetoka ya Gogo, yakafuata ya mama yangu, na sikuwa na uhakika ni nani angefuata.

Mwezi uliopita binti yangu alipita Malvern, akaniambia nyumba imeuzwa na geti jipya ni la umeme, linateleza bila sauti. Nilikwenda kwenye korido, nikachukua kanga, nikaifuta ile picha vumbi, kwanza nywele, kisha saa. Nikamwambia yule mwanamke tumehama. Nikamtajia mtaa, jina la jengo, ghorofa ya sita, kengele ya tatu kutoka juu. Nikamwambia kwamba mlinzi wa chini amekwisha kuagizwa, akija mtu mwenye udongo mweupe usoni amwache apande.

Kisha nikamwambia bado hatujamlilia.